Namna Muuguzi Anavyoweza Kuratibu Matibabu ya Mgonjwa wa Saratani Hospitalini

Mgonjwa wa saratani hupita mikononi mwa wataalamu wengi: daktari aliyeugundua uvimbe, mtaalamu wa patholojia aliyechunguza kipande kilichokatwa, daktari wa upasuaji, wa mionzi, wa tibakemikali (dawa za kuua chembe za saratani), mfamasia na mtaalamu wa lishe. Kila mmoja anaweza kutimiza wajibu wake kikamilifu na bado mgonjwa akapotea njiani, kwa kuwa majibu yametoka maabara na hakuna aliyemwita, au barua ya rufaa imeandikwa na haijapokelewa. Muuguzi mratibu amewekwa kulinda nafasi hiyo iliyo kati ya idara na idara. Mwaka 1990, daktari wa upasuaji Harold Freeman alianzisha huko Harlem, New York, mpango wa kumpa mgonjwa mtu wa kumwongoza, ili vikwazo vilivyokuwa vikiwachelewesha watu kati ya dalili ya kwanza na tiba viondolewe. Wauguzi wamelichukua wazo hilo mbali zaidi, maana wao wanaijua dawa na wanamjua mgonjwa.

Anza na daftari, liwe la karatasi au la kompyuta. Kwa kila mgonjwa andika ugonjwa, hatua ambayo ugonjwa huo umefikia, mpango wa tiba, jambo linalofuata, tarehe yake na jina la anayehusika. Safu ya jambo linalofuata isiachwe tupu hata siku moja. Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine, pitia tarehe zilizopita bila jambo kutendeka, kisha piga simu. Mgonjwa naye apewe jina lako na namba moja ya simu ya kazini, ambayo mwenzako ataipokea usipokuwepo.

Kabla ya kikao cha jopo la wataalamu, hakikisha majibu yamekamilika. Katika saratani ya matiti, kwa mfano, haitoshi kujua kwamba uvimbe ni saratani. Jopo linahitaji pia majibu ya vipokezi vya estrojeni na projesteroni (sehemu za chembe za saratani zinazopokea homoni hizo) pamoja na HER2 (protini inayoweza kuchochea uvimbe kukua), kwa kuwa ndiyo yanayoamua dawa za kutumia. Yakikosekana, mgonjwa husubiri hadi kikao kingine, kwa hiyo yafuatilie siku kadhaa mapema. Ndani ya kikao usikae kimya. Mara nyingi ni wewe unayejua kwamba mgonjwa ananyonyesha, kwamba anaishi peke yake, au kwamba anaogopa upasuaji kuliko ugonjwa wenyewe, na mpango usiozingatia mambo hayo huvunjika mapema.

Yapo mambo ambayo yasipofanywa kabla ya dozi ya kwanza huenda fursa yake isirudi. Mwanamke au mwanamume anayetaka kupata watoto baadaye azungumziwe suala la kuhifadhi mayai au mbegu za uzazi. Atakayepigwa mionzi ya kichwa na shingo aonwe kwanza na daktari wa meno, kwa sababu kung'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kuacha kidonda cha mfupa kisichopona. Kipimo cha homa ya ini aina ya B nacho kifanywe, maana tibakemikali inaweza kuviamsha virusi vilivyokuwa vimelala.

Homa nataka niiseme kwa urefu, kwa kuwa ndipo uratibu unapookoa maisha waziwazi. Dawa nyingi za tibakemikali hushusha chembe nyeupe za damu, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na wakati huo maambukizi yanaweza kumuua mgonjwa kwa saa chache hata kama anaonekana hana usaha wala uvimbe. Mfundishe yeye na ndugu anayemhudumia kwamba joto likifika nyuzi 38 waende hospitali mara moja, usiku au mchana, na kwamba asimeze parasetamoli kabla ya kupima, kwa sababu hushusha joto na kuficha hatari. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake atakachofanya. Kuitikia kwa kichwa hakuthibitishi kwamba ameelewa. Lakini kumfundisha mgonjwa peke yake ni nusu ya kazi. Mpe kadi inayotaja dawa anazotumia na tarehe ya dozi ya mwisho, na ukubaliane mapema na wauguzi wa dharura kwamba mwenye kadi hiyo hapangi foleni, bali anatolewa damu ya vipimo na kuanzishiwa antibiotiki ya mshipa ndani ya dakika 60 tangu afike.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ishirikishwe mapema, maumivu yanapoanza kusumbua, wala isingojwe mpaka dawa nyingine zote zishindwe.

Matibabu yanapokwisha, omba muhtasari ulioandikwa: dawa zilizotumika, jumla ya mionzi na sehemu iliyopigwa, tarehe za uchunguzi na dalili za kumrudisha haraka. Nakala moja abaki nayo mgonjwa, nyingine iende kwa kituo kitakachomwona, na jina lake lisifungwe daftarini mpaka mtu wa huko athibitishe kwamba ameipokea na amempangia siku.