Jinsi ya Kutengeneza Trela ya Filamu, Bango Lake na Jalada la Jarida, kisha Kuvitathmini: Mwongozo kwa Wanafunzi

Mwongozo huu unawahusu wanafunzi waliopewa kazi ya kutengeneza trela ya filamu ambayo bado haipo, pamoja na bango lake na jalada la jarida linaloitangaza, kisha kuandika tathmini ya kazi yao wenyewe. Nimewasaidia vijana wengi katika kazi hii, na makundi karibu yote hukwama pale pale: kwenye sauti wakati wa kutengeneza, na kwenye ushahidi wakati wa kutathmini. Sehemu hizo mbili nitazieleza kwa kirefu. Zile ambazo kila mwenye simu anazimudu nitazipitia haraka.

Hatua ya 1: Andikeni ahadi ya filamu kwa sentensi moja

Kazi ya trela ni kumwahidi mtazamaji jambo fulani na kumnyima jibu lake. Sentensi yenu imtaje mhusika, anachokitaka na kinachomzuia. Chukueni mfano huu: mlinzi wa usiku katika maktaba anakuta jina lake kwenye kadi ya kila kitabu kinachorudishwa, na lazima amjue anayeliandika kabla kitabu cha mwisho hakijarudi. Kundi lisiloweza kuandika sentensi ya namna hiyo halijawa tayari kushika kamera, hata kama lina kamera nzuri.

Kisha tafuteni trela tatu za utanzu huo huo na kila moja muitazame mara tatu: mara ya kwanza kwa kawaida, mara ya pili mkiwa mmezima sauti, mara ya tatu mkiwa mmefumba macho. Andikeni picha hubadilika kila baada ya sekunde ngapi, jina la filamu linatokea wapi, na maandishi yanasema nini ambacho picha hazisemi. Trela za majumba ya sinema kwa kawaida hazizidi dakika mbili na nusu. Kwa mwanafunzi sekunde 60 hadi 90 zinatosha, na nadra nimeona trela ya wanafunzi iliyoharibika kwa kufupishwa.

Hatua ya 2: Pangeni kazi zote tatu kwa wakati mmoja

Trela, bango na jalada vinatakiwa kutambulikana kuwa ni vya filamu moja hata vikiwekwa mbalimbali. Chagueni mapema fonti ya jina la filamu, rangi mbili au tatu, na kitu kimoja kitakachoonekana kote. Katika mfano wetu kitu hicho ni kadi ya kitabu. Tarehe ya kutoka kwa filamu iandikwe mahali pamoja ambapo kila mwanakikundi ataitazama, kwa maana ni kawaida sana bango kutaja mwezi mmoja na trela kutaja mwingine. Choreni picha za matukio kwa mkono. Watu wa vijiti wanatosha.

Kwenye ratiba ya siku ya kupiga video tengeni saa nzima ya kupiga picha za mnato, yaani picha za kawaida zisizosogea. Sababu yake itaonekana katika Hatua ya 6.

Hatua ya 3: Kupiga video

Wekeni simu kwa ulalo, juu ya kitu kisichotikisika, na mfunge mwangaza na fokasi ili visibadilike katikati ya tukio. Pale ambapo umeme wa taa ni wa hezi 50, pigeni fremu 25 (yaani picha 25) kwa sekunde na shata ya 1/50, maana yake kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Pale ambapo ni wa hezi 60, fremu 30 na 1/60. Mkifanya kinyume chake taa zinaweza kumetameta kwenye video, na kasoro hiyo ni ngumu kuiondoa baadaye.

Hatua ya 4: Sauti

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini havumilii maneno asiyoyasikia. Tena katika trela, ambamo picha hubadilika kila baada ya sekunde chache, sauti ndiyo inayozishika picha hizo zionekane kuwa za filamu moja. Kwa sababu hiyo nawashauri wote waijenge trela kuanzia kwenye sauti: pangeni kwanza mazungumzo, milio, muziki na ukimya, mpaka mtu aliyefumba macho aielewe ahadi ya filamu, ndipo muweke picha.

Wakati wa kurekodi, msitegemee kipaza sauti cha simu inayopiga video kutoka mbali. Chukueni simu ya pili, iwekeni katika hali ya ndege ili isiite katikati ya kazi, na muifiche katika mfuko wa shati la mwigizaji au nje kidogo ya fremu, karibu na kinywa kadiri inavyowezekana. Mwanzoni mwa kila teki, yaani kila mara tukio linapopigwa, mtu mmoja ataje namba ya teki hiyo na agonganishe viganja vyake mara moja (kofi moja) mbele ya kamera, ili baadaye sauti ya simu ya pili ilinganishwe na picha. Mwishoni mwa teki apige kofi la pili. Makundi mengi hulipuuza kofi hilo la pili, nami nalisisitiza kwa sababu ndilo litakalowaambia baadaye, sauti ikiachana na picha, ugonjwa ni upi. Kabla ya kuondoka mahali hapo, wote wakae kimya na mrekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo, kwani mtazihitaji kuziba mianya kati ya sentensi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapotezea wanafunzi saa nyingi kuliko mengine yote, yaani midomo na maneno kuachana. Simu nyingi hurekodi video kwa kasi ya fremu inayobadilika: mmechagua fremu 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukipungua au simu ikilemewa, kasi hushuka kidogo kisha hupanda tena. Ukiichezesha faili hiyo kwenye simu yenyewe huoni tatizo lolote. Programu nyingi za kuhariri, hata hivyo, hupenda kasi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na zinapopewa faili ya aina hiyo, mwanzo wa kipande huwa sawa, lakini kadiri kinavyoendelea neno hulipita domo au domo hulipita neno.

Kasoro hiyo haihitaji kuwa kubwa ili ionekane. Katika kasi ya 25, fremu moja ni milisekunde 40. Sauti ikiitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, watazamaji huanza kuhisi kwamba kuna kitu hakiko sawa, ilhali sauti ikichelewa, hawatambui mpaka kufikia takriban milisekunde 125, kwa kuwa hata katika maisha ya kila siku sauti hufika baada ya mwanga. Kwa hiyo kosa la fremu mbili upande mmoja linamkera mtazamaji, na upande wa pili halimsumbui. Mkiwa na shaka, icheleweshеni sauti kwa fremu moja.

Kabla ya kugusa chochote, linganisheni makofi mawili. Ikiwa sauti imekosea kwa kiasi kile kile katika kofi la kwanza na la mwisho, hakuna ugonjwa. Sogezeni sauti mara moja na mambo yamekwisha. Ikiwa kofi la kwanza linalingana na la mwisho limepishana, na tofauti inakua taratibu bila kurudi nyuma, basi saa za vifaa viwili haziendi sawa, au sauti iliyorekodiwa kwa kilohezi 44.1 (yaani iliyopimwa mara 44,100 kwa sekunde) imesomwa visivyo katika mradi wa kilohezi 48, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha video. Kosa hili la pili hujitambulisha lenyewe, kwa sababu sauti za watu huwa nyembamba kuliko zilivyo. Na ikiwa tofauti inakua, inapungua, kisha inakua tena ndani ya teki moja, hiyo ndiyo kasi ya fremu inayobadilika. Wanafunzi hupenda kuitibu kwa kusogeza sauti hapa na pale. Kila mahali panapopona, pengine panaumwa, na jioni nzima huishia hapo.

Tiba yake ni kuzigeuza faili zote kabla hazijaingia katika programu ya kuhariri. Programu ya bure ya MediaInfo itawaonyesha kama kasi ya faili inabadilika au ni thabiti. Zile zinazobadilika zipitisheni katika HandBrake, programu ya kugeuza video ambayo nayo ni ya bure, mkichagua kasi thabiti inayolingana na mradi wenu na kipimo cha ubora cha kati ya 18 na 20, ambapo namba ndogo humaanisha ubora mkubwa na faili nzito zaidi. Msiibadilishe kasi yenyewe kutoka 30 kwenda 25 kwa njia hii bila sababu, kwa maana mwendo wa watu utaonekana kurukaruka. Tunzeni faili za awali. Na kama tayari mmekwisha kuhariri nusu ya trela, badilisheni faili chini ya jina lile lile badala ya kuanza upya, ingawa mtalazimika kukagua kila mkato, kwani baadhi itakuwa imesogea.

Kuna nafuu moja ambayo trela inaitoa na filamu ndefu haiitoi. Vipande vya trela ni vifupi, na katika sekunde tatu tofauti haipati nafasi ya kukua. Kwa hiyo linganisheni sauti na picha teki kwa teki, tena karibu na maneno mtakayoyatumia, badala ya kulinganisha mara moja rekodi nzima ya siku.

Muziki una mtego wake. Msihariri kwa kufuata wimbo maarufu mkitumaini kuubadilisha mwishoni, kwa sababu mikato yote itakuwa imefuata mapigo ya wimbo huo, na mkiuondoa trela inalegea. Tafuteni muziki wenye leseni mapema. Leseni za Creative Commons (ruhusa ambazo watunzi huzitoa bure kwa masharti) zinazodai kutajwa kwa mtunzi zinafaa, mradi mumtaje. Zenye sharti la kutobadilisha kazi hazifai hata kama ni za bure, kwa kuwa kuuoanisha muziki na picha jongefu huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha.

Hatua ya 5: Kuhariri

Natumia toleo la bure la DaVinci Resolve. Kwa kompyuta isiyo na nguvu, Kdenlive inafaa. Sipendekezi programu za simu zenye vielelezo vya trela vilivyokwisha kupangwa, kwa kuwa huwanyima wanafunzi uamuzi ambao baadaye watatakiwa kuueleza. Wekeni kasi ya fremu ya mradi kabla ya kuingiza faili ya kwanza. Kila toleo mlihifadhi kwa namba yake na mtoe nakala ya video, hata likiwa baya, maana tathmini italihitaji.

Hatua ya 6: Bango na jalada

Karatasi ya A3 kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji picha ya pikseli 3508 kwa 4961. Fremu ya video ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080, nayo imelala ilhali bango limesimama. Mkiikata isimame, upana unaobaki ni pikseli 764 hivi, ambazo kwa kipimo kile kile zinajaza takriban sentimita sita na nusu za karatasi. Zaidi ya hayo, shata ya 1/50 huacha ukungu kwenye mkono unaosogea, ambao katika video hauonekani na katika bango unaonekana kutoka mlangoni. Ndiyo maana nimesisitiza picha za mnato zipigwe siku ile ile, kwa mavazi yale yale na chini ya taa zile zile.

Bango na jalada havizungumzi kwa namna moja. Bango linaiuza filamu, kwa hiyo mhusika anaweza kugeuza uso, na kadi ya kitabu ikawa kubwa kuliko yeye. Chini yake huja majina ya watengenezaji kwa herufi nyembamba zilizobanana. Jalada linauza jarida kwanza, na kwa kawaida mhusika humtazama msomaji machoni, kichwa chake kikifunika kidogo jina la jarida, huku pembeni kukiwa na vichwa vya habari nyingine zisizohusu filamu yenu. Wanafunzi wengi huzisahau habari hizo nyingine, na jalada lao likawa bango la pili. Programu ya GIMP inatosha kwa picha, lakini maandishi yapangeni katika programu ya Inkscape au Scribus, na muache milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa.

Hatua ya 7: Tathmini

Tathmini huanza siku ya toleo la kwanza. Waonyesheni watu wa rika mnalolilenga, ambao hawakushiriki katika kazi, na msiwaulize kama wameipenda, kwa sababu watasema ndiyo ili wasiwaudhi. Waulizeni: filamu inahusu nini? Nani ni mhusika mkuu, na anataka nini? Ni wapi umakini wako ulipungua? Linganisheni majibu na ile sentensi ya Hatua ya 1. Mtu akisema kwamba ni filamu ya mapenzi katika maktaba, hamhitaji hojaji ndefu kujua kilichotokea.

Ili kupima jinsi kazi zote tatu zinavyoshirikiana, mwonyesheni aliyeitazama trela bango lenu likiwa limefunikwa jina, likiwa katikati ya mabango mengine ya utanzu huo huo, na mwone kama atalichagua. Kisha mfanyeni mtu mwingine aanze na bango, na mumwulize anatarajia trela iwe na nini.

Katika kuandika, kila dai lishikwe na sekunde au kona ya ukurasa. Sentensi kama “tulitumia muziki wa kutisha kulingana na kanuni za utanzu” haimwambii msomaji lolote. Afadhali hii: “Katika sekunde ya 41 muziki unakatika na inabaki sauti ya kadi ikichomolewa, katika toleo la pili muziki uliendelea, na watazamaji hawakuiona kadi hiyo kabisa.” Hapo kuna kanuni, uamuzi, maoni ya hadhira na mbinu iliyotumika, vyote katika sentensi moja, na matoleo yaliyohifadhiwa ni ushahidi wake.

Maoni mliyoyakataa nayo yaandikwe. Kama watazamaji waliomba uso wa anayeandika majina uonekane nanyi mkakataa kwa sababu trela ingeitimiza ahadi yake badala ya kuitoa, elezeni hivyo, na muweke kando ya maelezo hayo fremu ya toleo lililomwonyesha na ile ya toleo mlilolikabidhi.