Kiwanja cha jirani kimeombewa matumizi mapya: jinsi ya kuandika maoni yenye uzito

Tangazo likibandikwa ukutani kwamba kiwanja cha makazi kinaombewa kuwa cha biashara, kwanza lipige picha, tarehe ionekane. Kisha nakili namba ya kiwanja na kitalu, namba ya jalada, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa na siku ya mwisho ya kupokea maoni. Uliza ofisini siku hizo zinahesabiwa kuanzia lini: tangazo lilipobandikwa au lilipochapishwa gazetini? Pingamizi nzuri inaweza kuishia kapuni kwa kuchelewa siku moja tu.

Siku inayofuata nenda kwa afisa mipango miji, uombe kuliona jalada. Humo tafuta fomu ya maombi, ramani ya eneo na taarifa za barabara, maji na mitaro. Omba pia mpango mkuu wa mji, uone eneo hilo limekusudiwa nini kwa miaka ijayo. Mpango ukisema makazi, na kinachobadilishwa ni kiwanja kimoja tu katikati ya nyumba, hiyo ni hoja nzito: mwombaji aeleze kwa nini kiwanja chake kitendewe tofauti na vinavyokizunguka. Mpango ukisema biashara, hoja ya kupinga kabisa itakuwa dhaifu, na ni bora nguvu zako uzipeleke kwenye masharti.

Sasa tahadhari kubwa. Ile picha ya jengo zuri iliyomo kwenye jalada sicho kitu kinachoamuliwa. Halmashauri inaamua matumizi ya ardhi, na kwa kawaida matumizi hayo hubaki na ardhi hata kiwanja kikiuzwa kesho. Mnunuzi mpya anaweza kuitupa michoro yote na kujenga kila kinachoruhusiwa. Kwa hiyo pigia hesabu kiwango cha juu kabisa.

Chukua kiwanja cha mita za mraba 1,000. Kanuni mpya zikiruhusu sakafu zote kwa jumla zifike mara 2.5 ya eneo la kiwanja, ni mita za mraba 2,500. Jengo likiruhusiwa kufunika nusu ya kiwanja, kila ghorofa ni mita 500, maana yake sakafu tano. Ikiwa mchoro unaonyesha tatu, mbili zilizobaki zimejificha ndani ya ombi. Angalia kama kuna kikomo cha urefu kinachozizuia. Kama hakipo, liandike hilo waziwazi.

Endelea na magari. Kanuni ikitaka nafasi moja ya kuegesha kwa kila mita 50 za sakafu, jengo hilo linahitaji nafasi 50. Gari moja, pamoja na njia ya kuingilia na kugeuzia, hula kama mita za mraba 25, hivyo 50 zinahitaji 1,250. Nje ya jengo zimebaki 500 tu, za kutosha magari 20. Yale 30 yataegeshwa chini ya jengo, au barabarani mbele ya nyumba zenu? Swali la namna hiyo halipuuzwi kirahisi, kwa sababu afisa mwenyewe anaweza kulikagua kwa kalamu.

Maji ya mvua nayo yapigie hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Mita 900 zikifunikwa kwa paa na zege, mvua ya milimita 50 italeta takriban lita 45,000. Pima upana na kina cha mtaro uliopo, piga picha ukiwa umejaa, uambatanishe.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Weka namba ya jalada juu, sema unaishi umbali gani kutoka kiwanjani, kisha hoja tatu au nne zenye vipimo. Usiguse tabia ya mwombaji, kabila lake wala aina ya wapangaji unaowahofia. Ni makosa, na huiharibia sifa barua nzima. Hofu kwamba duka lako litapata mshindani nayo haihesabiwi kuwa hoja ya mipango. Barua 100 zilizonakiliwa neno kwa neno mara nyingi huchukuliwa kama hoja moja. Barua kumi, kila moja ikieleza athari yake, zina nguvu zaidi.

Malizia kwa kutaja masharti unayoyataka iwapo ombi litakubaliwa. Wengi huogopa kwamba hiyo ni kusalimu amri. Sivyo: ukikaa kimya, ombi linaweza kupita bila sharti lolote la kukulinda. Sharti liwe linapimika. “Asisumbue majirani” haliwezi kusimamiwa. “Hakuna kushusha mizigo kabla ya saa 1 asubuhi wala baada ya saa 12 jioni” linasimamiwa na yeyote mwenye saa.

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kabla ya kikao cha kuamua ombi, omba taarifa ya afisa na uangalie kama hoja zako zimeelezwa sawasawa. Zikipotoshwa, andika marekebisho mara moja. Usimfuate diwani faraghani, kwani mazungumzo hayo yanaweza kuutia doa uamuzi wote. Ukipewa dakika tatu za kusema, chagua hoja moja, ile yenye namba.

Uamuzi ukitoka, udai kwa maandishi pamoja na sababu na masharti yake. Muda wa rufaa huwa mfupi, na rufaa nyingi hutazama kama utaratibu ulifuatwa: tangazo lilitolewa ipasavyo? Maoni yalizingatiwa? Diwani mwenye maslahi alijitoa? Hapo ndipo picha ya tangazo na barua yenye muhuri vinapohitajika.