Somo: Kuandaa matembezi ya hisani kwa wagonjwa wa figo, kupanda uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala

Wadau, tangu tutembee Julai simu yangu haipumziki: "mliandaaje?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Tarehe. Siku ya Figo Duniani ni Alhamisi ya pili ya Machi, ila huku Machi mvua bado inanyesha na mteremko unateleza. Tangazeni Machi, tembeeni Julai.

2. Vibali. Mkuu wa wilaya, polisi, vijiji mtakavyopita. Barua ziende mapema.

3. Njia. Sisi tulianzia bondeni upande wa Ruvuma tukapandia pembeni mwa Shimo la Mungu, lile genge kubwa la Newala. Mwenyeji mmoja mbele, mmoja nyuma. Hakuna kupiga picha ukingoni.

4. Michango. Lipa namba ya kikundi, isiwe ya mtu. Semeni mapema pesa inakwenda wapi. Yetu ni nauli: mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa kama saa nne kila mara, na wengi wanaokosa zamu wamekwama kwa nauli tu.

5. Vipimo. Presha na sukari kwa kila mtu kabla ya kuondoka, maana ndizo zinazoua figo nyingi.

6. Vinywaji. Hapa nilikosea, someni taratibu. Mwaka wa kwanza nilisimama na kipaza sauti nikihimiza kila mtu anywe maji mengi, na kule juu tukawapokea watu kwa madafu na ndizi. Kati yetu alikuwepo mama mmoja anayesafishwa damu, kaja kutushangilia. Kwa heshima akanywa madafu mawili niliyompa kwa mkono wangu. Usiku tukamkimbiza hospitali, moyo unapiga ovyo. Alipona, namshukuru Mungu. Daktari akanieleza: madafu yana potasiamu nyingi (aina ya madini), figo nzima huitoa kwenye mkojo, figo iliyokufa haiitoi, nayo ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Hata maji yenyewe mgonjwa wa namna ile hupimiwa. Kwa hiyo:
- Wagonjwa wavae kitambaa cha rangi yao, na wahudumu wote waijue.
- Usimpe mgonjwa chochote ambacho kliniki yake haijamruhusu. Korosho pia, jamani.
- Mzima anywe kidogo kidogo njia nzima. Maji pandeni nayo, msitegemee kuyapata juu.
- Marufuku kugawa diklofenaki au ibuprofeni, zile dawa za maumivu. Mwili uliokaukiwa maji ukipewa dawa hizo, figo nzima nayo huumia.

MASWALI

Kijana wa Nanyamba: Mkuu, mnatembea mwezi gani?
Jibu: Hatua ya 1.

Kijana wa Nanyamba: Mbona mkali? Basi madafu yasiyo na sukari yanafaa?
Jibu: Sikuzungumzia sukari popote. Potasiamu. Rudia hatua ya 6, kuna mtu karibu tumpoteze.

Mpwa wa Kitangari: Figo nzuri inauzwa bei gani?
Jibu: Haiuzwi. Usiulize hapa tena.

Binti Mikindani: Shikamoo kaka. Mdogo wangu figo zimefeli, nataka kumpa yangu. Nitaishi?
Jibu: Marahaba dada, pole sana. Watu wengi wanaishi vizuri na figo moja. Inayobaki hutanuka kidogo ikabeba kazi. Ila utapimwa kwanza: kundi la damu, presha, sukari, na figo zako mwenyewe. Ukionekana hatarini watakukatalia, na hata ukikubaliwa una haki ya kubadili nia bila kulaumiwa. Zamani ilikuwa safari ya India. Muhimbili walianza kupandikiza 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, 2018. Anzeni na daktari wa kliniki ya mdogo wako, yeye ndiye atakayewaandikia rufaa. Mkienda, nenda na daftari la maswali. Niandikie pembeni, nitakuunganisha na mtu aliyemtolea kaka yake.

Binti Mikindani: Ahsante. Na mihogo je? Hapendi kingine.
Jibu: Mwulize mtaalamu wa lishe kiasi. Sisi tumefundishwa kumenya, kukata vipande vidogo, kuchemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga, kisha kuchemsha upya. Potasiamu nyingi hutoka na maji yale.

Mama Korosho: Usiyatumie maji hayo kwenye mchuzi. Mimi nilikuwa nafanya hivyo, nikidhani naokoa ladha.
Jibu: Ahsante mama, hilo naliongeza kwenye hatua ya 6.