Kufuma Poncho kwa Kroshia na Uzi Unaojibadilisha Rangi
Uzi wa aina hii hutiwa rangi kwa vipande virefu vinavyofuatana, kwa hiyo mistari hujitokeza yenyewe bila mfumaji kukata na kuunga uzi. Ili kufuma poncho, vazi pana lisilo na mikono linalovaliwa kwa kupitishwa kichwani, kwa sindano ya kroshia ya milimita 5 na uzi wa unene wa kati, fuma mnyororo wa vitanzi unaopita kichwani bila kubana, takriban sentimita 60 kwa mtu mzima, kisha uunganishe uwe duara, ukihakikisha haujajipinda. Weka alama katikati ya mbele na ya nyuma. Katika kila mzunguko, fuma penye alama mishono mirefu miwili (ile ya kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuichomeka), vitanzi viwili vya mnyororo, na mishono mirefu miwili tena, na kwingineko mshono mmoja juu ya kila mshono.

Kadiri poncho inavyopanuka, mzunguko hula uzi mwingi zaidi, na mistari iliyokuwa mipana shingoni huwa myembamba kuelekea pindoni, jambo ambalo kwangu ndilo uzuri wake. Anayetaka mistari inayolingana afume mistatili miwili na kuishona pamoja.

Bonge la uzi likiisha, fungua jipya hadi ifike rangi uliyoishia, ukikagua pia mfuatano wa rangi, kwani baadhi ya mabonge huviringwa kinyume.