Vipimo vya damu kwa daktari wako: lipia vinavyohitajika tu

Mambo mawili ndiyo hupandisha gharama za vipimo vya damu: vipimo vinavyoandikwa bila swali la kujibiwa, na damu inayotolewa upya kwa sababu ile ya kwanza iliharibika. Yote mawili mgonjwa anaweza kuyapunguza.

Daktari akishaandika fomu, muulize kila kipimo ni cha kutafuta nini na majibu yatabadilisha nini kwenye matibabu. Hakuna daktari mzuri atakayekasirika. Beba majibu ya zamani, hata ya hospitali nyingine. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, kwa hiyo kukirudia baada ya wiki nne ni kupoteza fedha. Kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu kipimo hicho hudanganya, naye apimwe sukari ya kawaida. Tezi la shingo lianze na TSH peke yake, yaani homoni inayoliamuru tezi hilo. T3 na T4, homoni za tezi lenyewe, zifuate ikiwa TSH si sawa.

Kipimo kinachokula fedha nyingi bila faida ni Widal, kile cha taifodi. Hutafuta kinga iliyobaki mwilini, na kinga hiyo inaweza kutokana na homa ya zamani au maambukizi mengine kabisa. Watu wengi wenye homa ya kawaida huambiwa wana taifodi, wakanunua dawa za wiki nzima, kisha wakarudi na homa ileile. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara kuona kama bakteria watakua, nayo itolewe kabla ya kuanza antibiotiki. Bei yake ni kubwa zaidi na majibu huchukua siku kadhaa, lakini hujibu swali. Vivyo hivyo kwa bakteria wa vidonda vya tumbo: kipimo cha damu huweza kubaki chanya muda mrefu baada ya kupona. Omba cha choo, ukiwa umeacha omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) kwa wiki mbili na antibiotiki kwa wiki nne, kwa ushauri wa daktari wako.

Vifurushi vya “kupima mwili mzima” vitazame kwa makini, hasa vyenye viashiria vya saratani. Kwa mtu asiye na dalili, namba iliyopanda kidogo humpeleka kwenye vipimo vingine vya gharama kubwa mara nyingi bila ugonjwa kuonekana. Aliyevuka miaka 40 na anajisikia mzima aanze na presha, sukari na lehemu (kolesteroli). Figo ziongezwe akiwa na presha au kisukari.

Tanzania, upimaji wa VVU kwenye vituo vya umma ni bure. Kwa sera, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo wamesamehewa malipo. Sema hali yako mapokezi, kabla ya kulipa. Hospitali ya umma hutoa namba ya malipo: lipa kwa simu au benki, usimkabidhi mtu fedha mkononi. Mwenye bima athibitishe kwanza kama kipimo kinalipiwa katika ngazi ya kituo hicho, maana damu ikishatolewa kukataliwa kwa bima ni deni lako. Uliza pia kama kurudi kwa daktari na majibu kunalipiwa upya, na ndani ya siku ngapi.

Sasa damu yenyewe. Kwa sukari ya kufunga, usile kwa muda wa saa 8 hadi 12: kula mwisho saa 3 usiku, fika maabara saa 1 asubuhi. Maji matupu yanaruhusiwa, nayo husaidia mshipa uonekane. Chai isiyo na sukari pia iache. Dawa za kila siku usiziache ovyo; mwenye kisukari aulize mapema kuhusu dozi ya asubuhi.

Usifumbue na kufumba ngumi mara nyingi wakati mkono umefungwa mpira, kwani potasiamu hupanda kwa uongo. Chupa ya sukari huwa na kifuniko cha kijivu. Damu ikikaa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuihifadhi, chembe zake hula sukari na majibu hushuka. Chupa ya zambarau, ya picha kamili ya damu, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, la sivyo damu itaganda na chembe sahani (zile za kugandisha damu) zitaonekana chache. Kabla hujaondoka, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye chupa. Ukipigiwa simu kwamba damu imeganda au imevunjika (chembe zake zimepasuka), uliza kama marudio ni bure: kosa la utoaji si lako, na hupaswi kulipia mara mbili.