Hesabu tatu ndipo bibu

Kwenye timu yangu ya netiboli hakuna anayevaa bibu, ile nguo yenye herufi za nafasi uwanjani, kabla sijaona hesabu tatu kwenye daftari lake. Kengele ya mwisho inalia saa 8:40 mchana, mazoezi yanaanza saa 9:30. Katikati hapo wasichana wanakaa chini ya mwembe na kaunta buku zao, mimi nimekaa kwenye tofali na mfuko wa bibu mapajani. Aliyekosa jibu hana kosa, nitamwelekeza au atamwelekeza mwenzake. Ambaye hakujaribu ndiye anayekwenda kuokota mipira siku hiyo. Nimechagua Hisabati kwa sababu ndilo somo linaloangusha watoto wengi kuliko yote kidato cha nne, na kwa sababu hesabu tatu kila siku ya mazoezi ni deni ambalo hata mvivu anaweza kulilipa.

Ninafundisha Jiografia shule ya kutwa ya serikali, mkoani Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa 14 nikiwa mwalimu wa michezo. Kila Januari wanakuja kidato cha kwanza wapya, na swali ni lile lile: “Madam, nikicheza si nitafeli?” Hapana. Wachezaji wangu waliofeli hawakufelishwa na mpira. Walifelishwa na wiki mbili tatu za Mei na Juni ambazo hakuna mtu aliyewapangia. Wewe unayetaka kuingia timu ya shule, au wewe mzazi, soma hapa ninavyowapanga wangu.

Kwanza chora wiki yako. Ratiba ya shule ipo ukutani kwa mtaaluma, hiyo iache. Ninataka yako wewe, kuanzia unapofungua mlango alfajiri. Mchezaji wangu mmoja wa sasa anatoka nyumbani saa 11:30 alfajiri ili awahi mstarini. Siku ya mazoezi anafika kwao saa 12 na zaidi jioni, maji yanamsubiri, jiko linamsubiri, vyombo pia. Akimaliza ni saa 3 usiku. Mtu wa namna hiyo akiniambia atapiga msuli mpaka saa 6 ya usiku, ninamwambia aache kunidanganya na kujidanganya. Alale saa ile ile ya 3, aamke saa 10 alfajiri, asome saa moja iliyonyooka kichwa kikiwa kimepumzika. Mazoezi yangu ni Jumanne na Alhamisi tu. Mwalimu anayewakimbiza watoto siku tano kwa wiki anajifurahisha mwenyewe, na nimeshamwambia mmoja hivyo usoni.

Halafu kula. Shuleni kwetu wazazi wanachangia mahindi na maharage, mchana ni makande. Ambaye kwao hawajachangia, asije uwanjani na njaa akiona aibu kusema. Njoo uniambie pembeni, sufuria la walimu huwa na ukoko.

Michezo chagua mmoja. Kuna watoto wanataka netiboli, wavu, riadha na kwaya kwa pamoja, mwisho wa mwaka hawajui hata sare gani ni ya timu gani. Mchezo mmoja na klabu moja, basi. Na ukiniuliza klabu ipi, skauti ni nzuri, mali hai ya wanyama na mazingira ni nzuri, ila mimi nitakusukuma kwenye debeti, mdahalo wa Kiingereza wa Jumatano. Sababu ni hii: umesoma miaka saba shule ya msingi kwa Kiswahili, ukaingia sekondari ukakuta Baiolojia, Historia na Jiografia yangu vyote viko kwa Kiingereza. Nilikuwa na mfungaji mmoja hodari sana. Ukimuuliza kwa Kiswahili jinsi mto unavyochonga bonde, anakueleza mpaka unauona mto. Ukimpa karatasi, anaandika mistari miwili. Nikampeleka debeti kwa nguvu. Siku ya kwanza alisimama, akamsalimia mwenyekiti, akasahau yote, akakaa. Darasa likacheka, na yeye akacheka. Alirudi wiki iliyofuata. Kufikia kidato cha tatu alikuwa ananibishia darasani kwa Kiingereza, tena kuhusu alama nilizomnyima.

Sasa tuje kwenye lile jambo lenyewe, kalenda. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inapanda ngazi kwa ngazi: shule, kata, halmashauri, mkoa, kisha taifa, na fainali za taifa huwa mwezi Juni. Ina maana mchezaji mzuri anaanza kuchomolewa darasani pale pale walimu wanapokimbizana kumaliza mada, na mitihani ya muhula iko mlangoni. Anayebaki darasani haoni kitu. Anayekwenda kambini anarudi na fulana mpya na shimo kubwa kwenye madaftari.

Mwaka wangu wa tatu nilimpeleka senta wangu, kidato cha nne, kambi ya wilaya kisha ya mkoa. Nilisaini karatasi ya ruhusa nikiwa na furaha, sikumwambia mwalimu yeyote wa somo. Alirudi na medali. Wenzake walikuwa wamemaliza jenetiki, na yeye neno lenyewe alilisikia mara ya kwanza kwenye chumba cha moko, mtihani wa majaribio. Baiolojia akapata F. Kosa lilikuwa langu, na mama yake aliniambia hivyo kwa upole ulioniumiza zaidi ya matusi.

Tangu hapo kila anayekwenda kambini anabeba kitu tunachokiita daftari la deni. Ni kaunta buku ya kawaida. Wiki moja kabla ya kuondoka unapita kwa kila mwalimu wa somo, unamwamkia, unamuuliza: “Mwalimu, wiki mbili zijazo utafundisha mada gani?” Unaandika jina la mada juu ya ukurasa, chini unaacha kurasa nne tupu, mwalimu anasaini pembeni. Ile sahihi ina kazi mbili: wewe umejua unachodaiwa, na mwalimu amejua kwamba hukutoroka. Kisha unamtafuta mwandani, mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, asiye mchezaji. Siyo rafiki yako kipenzi, maana rafiki kipenzi naye anaandika nusu. Ukirudi unachukua madaftari yake siku mbili tatu, unajaza zile kurasa kwa mkono wako. Usikimbilie kutoa kopi steshenari. Desa la kopi linakunjwa, linawekwa chini ya godoro, linasahaulika.

Kambini kwenyewe usibebe masomo yote. Mnalala darasani, magodoro chini, makelele mpaka usiku, taa ni moja. Chukua masomo mawili na uyasome baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali na uwanja mtupu. Mengine ya kubeba ni ndoo, sabuni, kandambili mbili kwa sababu moja itaibiwa, na dawa zako kama unatumia.

Ukirudi, wiki ya kwanza hufanyi mazoezi. Wengi wanalia hapo. Wiki hiyo ni ya kulipa deni, ukurasa kwa ukurasa, na ninakagua.

Kwa kidato cha nne nina msimamo ambao wakufunzi wenzangu hawaupendi: mechi ya mwisho ni ya Juni, bila kujali tumeshinda au tumetolewa. Baada ya hapo kuna moko, na Novemba ni mtihani wa taifa. Kidato cha pili nao wana upimaji wao wa taifa mwishoni mwa mwaka, na asiyefikia kiwango anarudia darasa, kwa hiyo muhula wa pili ninawapunguzia mazoezi yawe siku moja.

Wachezaji wangu ninawafundisha pia kuhesabu pointi kama wanavyohesabu magoli. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na yanahesabiwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. C inaanzia alama 45. Ukipata C saba una pointi 21, hiyo ni daraja la pili. Hakuna A hata moja hapo! Msichana akiliona hilo ubaoni anaacha kuiogopa daraja la pili kama vile ni ya watoto wa mjini. Na tangu 2024 zimetangazwa tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo, za michezo kwa kidato cha tano, kwa hiyo ukiwa na kipaji na ufaulu, vyote viwili vina mahali pa kwenda.

Mambo mawili ya haraka. Shule nyingine ikikuita uwachezee kwa jina la mtu mwingine, kataa. Mamluki akikamatwa, timu nzima inaondolewa, na wewe ndiye utakayetajwa mstarini. La pili, kama baba hataki ucheze, usitoroke. Mwambie mwalimu aje nyumbani. Mimi huwa ninakwenda Jumamosi jioni, na matokeo ya muhula mkononi. Ninaamkia, ninakaa, ninaongea habari za mvua na mashamba, na karatasi ya alama ninaitoa kabla sijataja mpira. Kama alama zimeshuka, siombi kitu. Ninaaga, ninarudi muhula unaofuata.

Ukikosa nafasi kwenye wachezaji saba, bado ninahitaji mtu wa kuandika magoli na kushika saa. Huyo naye analeta hesabu tatu.