Je, Umlipe Kocha wa Poka? Hatua za Kufikia Uamuzi

Mwezi uliopita rafiki yangu alinijia akiwa ameshakubaliana kwa mdomo na kocha wa poka kuhusu vipindi kumi. Nilimwomba asitoe fedha kwanza, tukakaa jioni tatu na kumbukumbu za michezo yake, na hatimaye akafikia uamuzi tofauti kabisa na ule aliokuja nao. Mwongozo huu unafuata njia tuliyoipita. Unamhusu mtu anayecheza Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, kwa fedha, na ambaye kanuni za mchezo anazijua tayari.

Hatua ya kwanza: Angalia fedha zinatoka wapi

Malipo ya kocha yasikatwe kwenye mtaji wa kuchezea, na mtaji wenyewe usiguse fedha za matumizi ya nyumbani. Ikiwa unamtafuta kocha ili akusaidie kurudisha ulichokwisha kupoteza, ishia hapa, upumzike kucheza, na uzungumze na mtu unayemwamini.

Hatua ya pili: Soma kumbukumbu zako kiti kwa kiti

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wachezaji wa mtandaoni wapakie mikono yao yote, yaani kila mgawo wa karata waliocheza, katika programu ya kumbukumbu. Mimi hutumia PokerTracker, na wapo wanaopenda Hold'em Manager. Zote mbili zinatosha. Jedwali la kujazwa kwa mkono silishauri kamwe, kwa sababu mtu huandika siku alizoshinda na kusahau alizoshindwa. Matokeo yapimwe kwa idadi ya blaindi kubwa (dau la lazima la kuanzia mkono; blaindi ndogo ni nusu yake) katika kila mikono 100, si kwa fedha taslimu, la sivyo usiku mmoja wa meza ya dau kubwa utafunika miezi mitatu ya meza za dau dogo.

Kabla ya kuamini tarakimu yoyote, elewa jinsi matokeo yanavyoyumba. Katika meza ya watu sita, mchepuko wa kawaida wa matokeo ya mikono 100, yaani kipimo cha jinsi yanavyotawanyika mbali na wastani, ni takriban blaindi kubwa 90. Ukiwa na mikono 10,000, kiwango cha makosa katika wastani wako ni kama blaindi 9 kwa kila mikono 100. Ukifikisha 100,000 kinashuka hadi karibu 3. Kwa hiyo anayeonyesha hasara ya blaindi 4 kwa kila mikono 100 baada ya mikono 10,000 anaweza kabisa kuwa mchezaji mwenye uwezo wa kupata faida, na anayeonyesha faida ya 4 anaweza kuwa mchezaji wa hasara aliyeangukiwa na bahati. Watu wengi huajiri kocha, au humfukuza, kwa kutazama kipande ambacho hakiwezi kusema lolote.

Mimi nilishikilia kwa muda mrefu kwamba nilikuwa na mkosi tu, kwa kuwa wastani wangu wa jumla ulikuwa karibu na sifuri na katika mchoro wa programu, mstari wa matokeo yaliyorekebishwa kwa kuondoa bahati ulikuwa juu ya ule wa matokeo halisi. Sikujua kwamba mstari huo unarekebisha bahati ya baada ya fedha zote kuingia mezani peke yake. Haujui kama ulipaswa kuziingiza fedha hizo, na haugusi kabisa mikono ambayo dau halikufika mwisho. Nilipogawanya matokeo kwa viti ndipo nilipoona: katika kiti cha blaindi ndogo nilikuwa napoteza blaindi kubwa 85 kwa kila mikono 100. Mtu anayetupa karata zake zote katika kiti hicho bila kuziangalia hupoteza 50. Uchezaji wangu, pamoja na kufikiri kwangu kote, ulikuwa mbaya kuliko kutokucheza.

Kipimo hicho ndicho ninachompa kila mtu. Kutupa kila mkono hugharimu 50 katika blaindi ndogo na 100 katika blaindi kubwa. Hata wachezaji hodari hupata hasara katika viti hivi viwili, hivyo usishtuke kuona alama ya kutoa. Shtuka ikiwa umekaribia mipaka hiyo au umeivuka. Ila kumbuka kwamba mikono 30,000 ikigawanywa kwa viti sita inabaki 5,000 kwa kila kiti, na hapo kiwango cha makosa kinapanda hadi karibu 13. Tofauti ya blaindi 10 kati ya kiti kimoja na kingine haina maana. Yangu ilikuwa 35 zaidi ya kipimo, ndiyo maana niliichukulia kwa uzito. Usichanganye pia meza za watu sita na za watu tisa katika hesabu moja.

Kasoro hiyo niliitibu bila kocha: niliacha kufuata dau kwa karata dhaifu katika kiti kile, nikawa ama napandisha ama natupa. Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu kama ningemlipa mtu wakati ule, saa za mwanzo zote zingeishia kwenye jambo ambalo kumbukumbu zangu zilikuwa zimelijibu tayari.

Anayecheza ana kwa ana hupata mikono 25 hadi 30 kwa saa, hivyo takwimu za namna hii hawezi kuzifikia kwa urahisi. Yeye aandike kila mkono mzito mara tu unapokwisha, pamoja na kiasi cha fedha ambacho kila mhusika alikuwa nacho, kisha aende hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: Panga hasara zako katika mafungu matatu

Chukua mikono 20 iliyokugharimu zaidi. Kwa kila mmoja andika sababu ya uamuzi wako wa mwisho, halafu uuweke katika fungu lake: nilijua la kufanya nikafanya jingine, sikujua la kufanya, nilifanya sawa nikashindwa.

Rafiki yangu alipata 11 katika fungu la kwanza, 5 katika la pili na 4 katika la tatu. Karibu yote 11 ilichezwa usiku wa manane, akiwa ameshakaa mezani zaidi ya saa nne. Kocha wa mbinu hawezi kumsaidia mtu huyo. Saa ya ukutani inaweza. Lakini katika ile 5 ya fungu la pili, minne ilifanana: mpinzani anaweka dau kubwa baada ya karata ya tano kufunguliwa, naye hajui afuate au atupe. Hilo ni swali halisi, na ni swali la namna hiyo ndilo linalostahili kulipiwa.

Hatua ya nne: Piga hesabu ya kurudisha gharama

Badilisha bei ya kocha iwe blaindi kubwa za meza unayocheza sasa. Tuseme ni 400, na tuseme mafunzo yatakuongezea blaindi 2 kwa kila mikono 100, jambo ambalo si dogo. Utahitaji mikono 20,000 kurudisha gharama. Anayecheza mikono 5,000 kwa mwezi atamaliza kwa miezi minne. Anayecheza ana kwa ana, mikono 25 kwa saa, anahitaji saa 800. Katika meza za chini kabisa, ada ya meza humeza sehemu kubwa ya faida, na hapo hesabu hii hugoma mara nyingi.

Programu za ukokotozi kama PioSOLVER, zinazokokotoa namna bora ya kucheza mkono, huonekana nafuu kuliko mtu. Naziheshimu sana, ila humjibu anayejua kuuliza: ukiilisha makadirio mabaya ya karata za mpinzani, itakupa jibu sahihi la mchezo ambao hamkuucheza.

Hatua ya tano: Mjaribu kocha kwa mkono mmoja

Picha ya mchoro wa faida haithibitishi kitu. Omba idadi ya mikono, ukubwa wa dau la meza na miaka iliyochezwa. Aliyeshinda mwaka 2010 alikutana na wapinzani wa aina nyingine kabisa. Anayeahidi kukuelekeza wakati mkono unaendelea mwache mara moja, kwa kuwa msaada wa papo hapo ni kinyume cha kanuni za vyumba vya mtandaoni na akaunti yako inaweza kufungwa.

Kisha mpelekee mkono mmoja na umsikilize. Tulimtumia yule kocha mkono huu: mezani pana 100, karata ya tano imefunguliwa, mpinzani anaweka 100. Ukifuata, unalipa 100 ili upate 200, kwa hiyo unahitaji kushinda mara moja katika kila tatu. Kocha anayejibu "mimi ningetupa" amekuuzia maoni yake. Kocha mzuri kwanza atauliza kila mmoja alibaki na kiasi gani na dau lilikwendaje tangu mwanzo, kisha atahesabu: ikiwa mpinzani ana michanganyiko 12 ya karata zinazokushinda, anahitaji kuwa na angalau 6 za kutishia tu ndipo kufuata kusiwe hasara. Atakutajia sita hizo ni zipi, mojamoja, na kama karata uliyoishika, tuseme ree ya shupaza, inaziondoa baadhi yake.

Kocha wa rafiki yangu aliuliza vizuri na akahesabu vizuri. Bado nilimshauri asinunue vipindi kumi, kwa kuwa swali lililostahili kulipiwa lilikuwa moja tu.

Hatua ya sita: Anza na saa moja

Mikataba ya kugawana faida badala ya kulipa kwa saa isomwe neno kwa neno, hasa idadi ya mikono unayodaiwa kucheza na gharama ya kujitoa mapema. Mimi napendelea malipo ya saa moja, mikono mitano yenye swali lile lile ikiwa imemfikia kocha siku mbili kabla, na kipindi kizima kikirekodiwa kwa ridhaa yake. Baada ya hapo cheza mikono 5,000, urudie mafungu matatu ya hatua ya tatu, na uangalie fungu la pili. Likiwa limepungua, lipa saa ya pili.